Anwani ya Vishindo

Fomu ya Data Iliyoondolewa ina visanduku sita, na cha tano hakiruhusiwi kuachwa wazi. Cha kwanza ni cha tarehe, cha pili jina la kilima, cha tatu idadi ya vipimo vilivyoondolewa, cha nne sababu, cha sita saini. Cha tano kimeandikwa neno moja tu: Anwani. Aliyeitunga fomu hiyo alikusudia anwani ya ndani ya kompyuta, yaani jalada ambamo vipimo vilivyofutwa vitawekwa visipotee. Lakini mwanamke aliyekuwa akiijaza, Ijumaa saa kumi na moja jioni, alikuwa ametazama tarakimu tangu asubuhi bila kula, na mtu aliyechoka akiulizwa anwani hutaja kwao. Aliandika: Nyumba namba kumi na nne, nyuma ya karakana ya magodoro, geti la kijani. Akatia saini, akachukua mkoba wake, akaenda kusubiri basi.

Jumatatu vishindo vikaanza kuwasili.

Kazini walimwita Wastani. Jina hilo alipewa kwa utani, kwa sababu kwa miaka kumi na moja alikuwa akisema sentensi ileile katika kila kikao: "Wastani hauvunji kitu." Kazi yake ilikuwa kutengeneza upepo. Kabla mnara wa umeme wa upepo haujasimamishwa kilimani, ni lazima kwanza upulizwe ndani ya kompyuta kwa upepo unaofanana na wa kweli, ionekane kama utahimili. Upepo huo aliutengeneza yeye, sekunde baada ya sekunde, kutokana na vipimo vya mlingoti uliokuwa umesimama kilimani mwaka mzima. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba upepo wa kilima fulani ni mita nane kwa sekunde. Huo ni wastani, na upepo wenyewe haujui kama ni mita nane. Unakuja, unapumzika, unakumbuka ulivyokuwa dakika iliyopita, halafu unabadili nia. Kwa hiyo aliusuka kwa tabaka tatu. La chini lilikuwa upepo wa pole, unaobadilika na saa na majira. La kati lilikuwa ule usiotulia, ambao kila sekunde yake inafanana na jirani yake kama ndugu wa tumbo moja wanavyofanana, bila kuwa sawa. Na juu kabisa vilikaa vishindo. Hivyo ndivyo walivyouita ofisini upepo wa ghafla, unaopanda mara mbili ya kawaida kwa sekunde chache na kuondoka bila kuaga.

"Ukila sahani mbili jana na kulala njaa leo, kwa wastani umekula kila siku," aliwaambia wafanyakazi wapya. "Lakini tumbo halijui wastani. Bawa la mnara nalo halijui."

Mkuu wake wa kitengo naye aliitwa kwa jina la utani. Alikuwa Bendera, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Hakuwa mtu mbaya. Alichukua maneno ya juu akayaleta chini, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea akachukua ya chini akayapeleka juu. Ijumaa ile alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti cha Wastani.

"Dada, safisha hilo jalada. Vishindo mia mbili na kumi na viwili ni vingi mno. Wakubwa wanasema kipimo kilikuwa kibovu."

"Kipimo ni kizima. Nilikikagua mwenyewe."

"Najua. Safisha."

Vikibaki, minara ingehitaji chuma kinene zaidi, na chuma kilikuwa kimeshaagizwa. Basi alisafisha. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, aliwaambia majirani kwamba binti yake anasafisha upepo, na majirani waliipokea kama kazi nyingine yoyote. Mtaani kulikuwa na watu wenye kazi za ajabu zaidi.

Kishindo cha kwanza kilifika saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa mezani akichambua maharage. Kishindo hakikupitia dirishani. Kilifungua komeo la geti, kikavuka uwanja, kikapita mlangoni, kikainua kitambaa cha meza pamoja na maharage yote, kikakaa sekunde kumi na moja, kikatokea jikoni. Mama aliinama akaokota maharage yake moja moja, na hilo lilimchukua mpaka saa tano.

"Mgeni wako alikuja," alisema jioni. "Hakukaa."

"Alikuja saa ngapi?"

"Saa tatu na kidogo."

Wastani alitoa karatasi zake mkobani akapitisha kidole kwenye orodha. Ulikuwa ni mstari wa kwanza aliokuwa ameufuta. Alimwangalia Mama, akaona aibu, kama mtu aliyekaribisha wageni nyumbani kwa watu bila kuuliza.

"Watakuwa wengi," alisema.

"Wangapi?"

"Mia mbili na kumi na mmoja. Kwa mwaka mzima, kila mmoja na siku yake na saa yake. Mwaka ukiisha wanaanza upya."

Mama alifikiri kidogo, akasema basi vikombe vya udongo vihamishiwe kabati la chini.

Wastani alichapa ratiba akaibandika kwenye mlango wa jiko, na hapo ndipo alipokosea kwa mara ya pili, kosa ambalo mtu wa lugha nyingine asingelifanya. Mlingoti husoma saa kwa namna ya mashine, unaanza kuhesabu usiku wa manane. Karatasi ilisema 9:40. Mama aliisoma saa tisa na dakika arobaini, kama binadamu wa kawaida, akapanga kuanua nguo zake saa tisa kamili za mchana. Kishindo kikaja saa tatu na dakika arobaini za asubuhi na kumkuta kwenye kamba, mikono juu, shuka mkononi. Shuka lilijaa, Mama akainuliwa kimo cha kiti, akawekwa chini ukutani. Kifundo cha mkono kilivimba wiki tatu. Wastani aliiandika upya ratiba nzima kwa mkono, kwa saa za watu, kila mstari akijilaumu.

Baada ya hapo mambo yakapangika. Mama ni mtu wa mipango. Alijua kwamba vishindo huja kwa makundi, vitano siku moja halafu wiki nzima kimya, kwa sababu ndivyo upepo ulivyo na ndivyo binti yake alivyokuwa akieleza kila siku bila kusikilizwa kazini. Vingine alivipa majina. Kulikuwa na Mpiga Mlango wa Alhamisi, na Mnyatiaji, aliyekuja mdogomdogo na kumalizia kwa nguvu. Kulikuwa na mmoja wa mwezi wa tatu aliyeishusha picha ya marehemu baba ukutani na kuilaza kifudifudi, taratibu, bila kuvunja kioo.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema Mama, na akaanza kufua kwa kufuata ratiba. Shuka nne zilikauka kwa sekunde kumi na tatu. Mshonaji wa nyumba ya pili akaanza kuleta vitambaa vyake vilivyolowa.

Hata hivyo, nyumba ilichoka. Bati mbili zililegea, bawaba za mlango wa uani zikang'oka, na Mama akaanza kukohoa kikohozi cha vumbi. Wastani alikwenda kwa Bendera akaomba kubadilisha anwani.

"Andika ya ofisi," alisema Bendera. "Kuna tatizo gani?"

Akaandika ya ofisi. Siku tatu baadaye vishindo vitatu vilirudi nyumbani namba kumi na nne, kimoja nyuma ya kingine, vikinuka zulia na korido, vimechoka kwa safari. Kila kimoja kilikuwa na muhuri wa mapokezi: Hakuna mpokeaji. Dada wa mapokezi alieleza kwamba mtu aliyekuja bila miadi hapiti, hiyo ndiyo kanuni, na yeye hakuitunga. Vishindo vilikaa uani mpaka jioni bila kuinua hata jani. Mama alivionea huruma, akavifungulia mlango wa nyuma, na kesho yake Wastani akairudisha anwani ya geti la kijani.

"Tawi la pili wanafanyaje?" Wastani alimuuliza Bendera. "Nao si wanasafisha?"

"Wao waliweka nukta."

"Nukta?"

"Kisanduku cha tano. Hakikubali kuachwa wazi, lakini kinakubali nukta."

"Na vishindo vyao vikaenda wapi?"

Bendera alikitazama kikombe chake. Vishindo vya tawi la pili havikwenda popote, kwa kuwa havikuwa na pa kwenda. Vilibaki kilimani kwao, juu ya minara ya chuma chembamba. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika, na fundi mmoja alikuwa amevunjika nyonga.

Sasa lazima aelezwe Mjusi. Huyu alikuwa mdogo wake Wastani, wa mwisho kuzaliwa, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, na jina la Mjusi alipewa akiwa na miaka mitano kwa kupanda kuta. Alipata bahati ya kuajiriwa kwa tabia iliyokuwa ikimfanya achapwe utotoni. Alikuwa fundi wa minara, kilima kilekile, anapanda asubuhi na kushuka jioni, na kazi yake ni kukaza nati kwa spana ya urefu wa mkono mahali ambapo watu wa chini wanaonekana kama njugu. Wazo kwamba upepo wa kwenye jalada la dada yake ndio aliokuwa akipandia halikuwahi kumsumbua. Alimwamini dada yake kuliko kamba.

Alikuja Jumapili, akala, akanyoosha miguu.

"Kule kumekuwa shwari, dada. Ni mwezi wa pili sasa hatujapata kishindo hata kimoja. Upepo unapuliza kama umepigiwa rula."

"Hata tarehe kumi na nne? Saa nne asubuhi?"

"Hata kidogo. Nilikuwa juu kabisa, nakula ndizi."

Tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, kishindo cha mita ishirini na sita kwa sekunde kilikuwa kimepita sebuleni na kung'oa pazia na fimbo yake. Wastani na Mama walitazamana. Kilichofutwa kilikuwa kimefutwa kweli. Kila kilichofika nyumba namba kumi na nne kilikuwa hakiko kilimani.

Walihakikisha hilo bila kupenda. Siku moja Mama alikwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, foleni ikawa ndefu, na kishindo cha saa tano kikakuta geti limefungwa kwa kufuli. Kilisubiri kidogo, jirani mshonaji alikiona kikizungushazungusha vumbi pale nje, halafu kikaondoka kurudi kilikotoka. Saa tano na robo Mjusi alikuwa ananing'inia kwenye kamba yake ubavuni mwa mnara wa saba, kichwa chini, jino moja limevunjika. Walimshusha baada ya dakika arobaini. Alipiga simu mwenyewe, akisema kwa kithembe kwamba yuko salama, na kwamba kumbe kule juu kunaweza kuvuma.

Tangu siku hiyo Wastani hakuomba tena kubadilisha anwani, na Mama hakutoka tena nje ya geti saa za ratiba. Zahanati alikwenda siku ambazo karatasi ya mlangoni haikuwa na mstari.

Mjusi alipoelezwa, alilipapasa pengo kwa ulimi.

"Niache kazi?"

"Uache," alisema dada yake upesi.

"Na atakayepanda badala yake?" aliuliza Mama. "Yeye hana mama?"

Mjusi akatoka nje, akapanda juu ya paa, akazikaza zile bati mbili zilizolegea. Alitumia nati za kazini.

Mwaka wa kwanza uliisha hivyo. Minara ishirini na miwili ilikuwa imesimama, na ilibaki idhini ya mwisho tu, ile ya kuiruhusu izunguke kwa miaka yote itakayodumu. Kwa idhini hiyo jalada lilihitaji kipimo kimoja zaidi, ambacho hakuna mlingoti uliowahi kukipima. Kinaitwa kishindo cha miaka hamsini. Hutafutwa kwa hesabu: ukiujua upepo wa mahali kwa mwaka mmoja, tabia zake na hasira zake, unaweza kukisia ule mkubwa kabisa ambao utapita hapo kwa wastani mara moja katika nusu karne. Wastani aliupiga hesabu kwa wiki mbili, kwa njia tatu, akitumaini kwamba amekosea. Hakukosea. Ulitoka mita hamsini na nane kwa sekunde, kwa sekunde tatu. Minara ya chuma chembamba ingeweza kuhimili arobaini na tano.

Safari hii hakumngoja Bendera. Alikwenda mwenyewe kwenye kikao cha wakubwa, na mchoro wake mmoja, akausimamisha mbele yao. Watu saba walikuwa mezani, na dirisha lilikuwa limefungwa.

"Minara haitahimili," alisema. "Lazima iongezewe nguvu chini, au ishushwe kimo."

"Hiki kishindo kimewahi kutokea?" aliuliza mkubwa mmoja, kwa upole.

"Bado."

"Kwa hiyo hakipo."

"Kipo. Hakijafika."

Yule mkubwa alitabasamu kwa namna ya mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia. Minara imeshasimama, alisema, na tarehe ya kukata utepe imeshatangazwa. Jalada lisafishwe. Mwingine aliongeza kwamba kama Wastani hajisikii vizuri, wapo vijana tawi la pili wanaoweza kumsaidia kuijaza fomu. Bendera alitikisa kichwa kukubali, halafu akaona Wastani anamwangalia, akaacha kukitikisa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na mezani pale palikuwa na watu saba ambao hakuna hata mmoja aliyehisi uzito.

Wastani alirudi nyumbani mapema. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Wastani alivuta kigoda akachukua kisu cha pili.

"Mama, kimebaki kimoja."

"Kinakuja lini?"

"Hakina siku."

"Mgeni gani hana siku?"

"Huyu. Kwa wastani mara moja kwa miaka hamsini. Inaweza kuwa mwaka wa arobaini na tisa. Inaweza kuwa kesho."

"Akija anakaa kwa muda gani?"

"Sekunde tatu."

"Sekunde tatu tu."

"Zinatosha, Mama."

Mama alitazama juu, kwenye bati na mbao, polepole, kutoka kona moja mpaka nyingine. Nyumba ile aliijenga na mumewe kwa miaka tisa, chumba kimoja kila walipopata nafuu.

"Na nisipompokea?"

"Nikikataa kujaza, wataweka nukta. Atabaki kilimani."

"Na Mjusi yuko juu."

"Yuko juu asubuhi mpaka jioni. Yeye na wenzake kumi na wanane."

Kiazi kilikuwa kimeshamenywa, lakini Mama aliendelea kukigeuza mkononi.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," alisema. "Mwandikie aje huku."

"Nitakuhamisha. Nitakaa mimi."

"Wewe uko kazini mchana kutwa. Nani atafungua geti? Huyu hana saa, lazima mtu awepo saa zote." Akakitia kiazi kwenye maji. "Jumapili utakaa wewe, nami nitatoka nikanunue uzi. Tutapokezana. Menya, tutachelewa kula."

Wastani alimenya. Alilia bila sauti mpaka sufuria likajaa, na Mama alimwacha alie, kwa sababu kulikuwa na la kulilia. Kesho yake aliijaza fomu. Kisanduku cha tatu aliandika moja. Kisanduku cha nne, cha sababu, alikaa nacho mpaka adhuhuri, akaandika: Nimeagizwa. Bendera alipoisoma alichukua kalamu, akakata neno hilo kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika juu yake: Kipimo kibovu. Kisanduku cha tano hakukigusa.

Kishindo cha miaka hamsini kiliwasili Jumatano. Hakikufungua komeo, kilisubiri kufunguliwa. Kilipoingia, pazia zilitulia kabisa, na moshi wa jiko ukanyooka juu kama uzi wa timazi. Mama alikisogezea kiti kwenye kona ya sebule, karibu na picha ya marehemu, na kikakaa. Kiti kililia kidogo kwa uzito. Hakikuvuma wala kutikisa kitu. Kilikuwa kinangoja siku yake, ambayo hata chenyewe hakikuijua, na kama mgeni yeyote, kingeachwa peke yake kingerudi kilikotoka.

Vile vishindo vingine viliendelea kuja kwa ratiba, lakini vilipofika sebuleni vilipita pembeni, kwa adabu, kama watoto wanaopita mbele ya mkubwa. Mpiga Mlango akaacha kupiga mlango. Mama alisema angalau hilo ni nafuu.

Mjusi alikuja Jumapili na kamba zake za kazi, zile zilizopimwa kubeba watu watatu. Alifunga paa kwa pembe zote nne, akachimbia vyuma ardhini, akakaza. Kazi ilimchukua mpaka jioni. Alipomaliza aliingia sebuleni, akasimama mbele ya kile kiti kitupu chenye uzito, akavua kofia. Ilikuwa kofia mpya, waliyogawiwa siku ya utepe, na imeandikwa Upepo Tulivu, Kesho Njema.

"Kamba zitahimili?" alimuuliza dada yake.

"Arobaini na tano, labda."

"Na huyu ni ngapi?"

"Hamsini na nane."

Mjusi aliirudisha kofia kichwani. Alimkumbatia Mama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, mpaka Mama akamwambia amwache apumue, kesho ni kazi.

Mwezi uliofuata, kampuni ilipata tuzo. Kilima chake kilitajwa kuwa kilima chenye upepo mtulivu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, na wageni walikuja kutoka mbali na vipimo vyao, wakapima, wakakuta ni kweli. Kila mfanyakazi wa kitengo alipewa cheti. Wastani alikipeleka cha kwake nyumbani, na kwa kuwa misumari mingine yote ilikuwa imeng'oka, Mama alikitundika juu ya kile kiti cha kona. Hakikutikisika hata kidogo.

Kila asubuhi Wastani alipokuwa akivaa viatu, Mama alimuuliza kutoka jikoni:

"Ni leo?"

"Sijui, Mama."

"Haya. Uende salama."

Naye alirudishia geti kwa nje taratibu, bila kufuli, akalijaribu mara mbili, kisha akaenda kusubiri basi huku akihesabu. Uwezekano wa siku moja ulikuwa mdogo sana, mdogo kuliko wa kugongwa na gari. Aliujua mpaka tarakimu ya sita. Haukumsaidia kitu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kwamba tumbo halijui wastani. Saa nne alipiga simu nyumbani, na saa saba, na saa tisa, kusikia tu Mama akisema "Haloo" kwa sauti ya mtu aliyekatizwa shughuli.

Jumatatu moja Bendera alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti.

"Dada, wamenunua kilima cha pili. Minara arobaini. Mlingoti umeshamaliza mwaka." Akaweka jalada mezani. "Wakubwa wamefurahia ulivyosafisha kile cha kwanza. Wanataka na hiki kiwe vilevile."

"Vishindo vingapi?"

"Elfu moja na mia sita. Pamoja na kile kikubwa chake."

"Mafundi wangapi?"

"Thelathini na wanne." Bendera aliitazama sakafu. "Kuna mmoja ni mpwa wangu."

Wastani alijaza kisanduku cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne alimwachia Bendera, ambaye alikuwa ameshatoa kalamu. Halafu akainua simu.

"Mama, kile chumba cha uani kina nini siku hizi?"

"Masanduku ya baba yako. Kwa nini?"

Kwenye simu ulisikika mlio mdogo wa kiti kikijiweka sawa, na nyuma yake kifuniko cha sufuria.

"Ni wengi?" aliuliza Mama.

"Ni wengi."

Mama alikohoa, akaweka simu kando kidogo, akairudia.

"Haya," alisema. "Nitayasogeza."